Alama Tatu Zilizobaki

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Kitabu kimefika.

Ni kitabu kipya cha sarufi ya Kiingereza, kizito kama tofali, jalada la njano. Kimeletwa kiwandani kwa sababu tumepata kazi ya kuchapa kijitabu cha shule, nakala elfu tatu, kiitwacho Mabadiliko ya Kanuni. Mabadiliko! Miaka thelathini na minne nimesahihisha prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda hiki cha uchapaji. Nimezeeka na kanuni zangu na hakuna hata moja iliyowahi kuniaga.

Msahihishaji mwenzangu, yule dada tunayemwita Toleo Jipya, alikikumbatia kitabu kama mtoto wa dada yake. Tunamwita hivyo kwa sababu kila akifungua mdomo ni "katika toleo jipya". Akasoma kwa sauti, ofisi nzima ikisikia. Siku hizi ruksa kuanza sentensi kwa "lakini". Ruksa kumalizia sentensi na kihusishi. Nikamuuliza ruksa hiyo imetolewa na nani. Akasema na watu. Watu gani? Wanaokizungumza. Nikacheka kicheko cha kejeli. Hakuna aliyenisaidia kucheka.

Meneja anataka prufu kabla ya tarehe kumi na nne. Sahihi ya mwisho ni yangu.

Mke wangu hajaandika leo pia. Alikwenda kwa binti yetu kusaidia kulea mtoto mchanga. Alisema wiki tatu. Huu ni mwezi wa saba tangu aondoke. Barua yake ya mwisho ilikuja mwezi wa kumi, mwaka jana.

Mpango: pasipo kitabu, hapana mabadiliko. Nimekificha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nilikiweka chini ya mto wa kiti changu na kukikalia tangu saa mbili asubuhi. Toleo Jipya alipekua makabati yote, mpaka la vifaa vya usafi. Nikamsaidia kutafuta, kwa macho.

Saa nne Meneja akapita, akasimama, akanitazama. Akasema leo naona umerefuka, mzee. Nikasema ni viatu. Akainama kuangalia chini ya meza. Nilikuwa nimevivua.

Nimeumbuka. Adhabu: nikisome chote, jalada hadi jalada, na niandike muhtasari kwa mkono. Toleo Jipya alinitilia tu alama ya vema hewani kwa kidole. Huyo dada nitamkumbuka.

Jioni nimechemsha maji, nikatoa vikombe viwili. Tena! Nikakirudisha kimoja kabatini. Cherehani ya mke wangu nimeifunika shuka kwa ajili ya vumbi, na kila nikipita naona kama kuna mtu ameketi pale na shuka kichwani. Juzi niliisalimia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimesoma kurasa mia na themanini. Sitaki kuandika nilichokiona lakini nitaandika.

Kwanza nieleze, ingawa hakuna atakayesoma. Mimi na mke wangu tulikutana katika darasa la jioni la Kiingereza. Yeye alikuwa fundi cherehani, mimi nilikuwa kiranja. Kazi yangu ilikuwa kukusanya madaftari na kusahihisha zoezi kabla ya mwalimu. Daftari lake lilikuwa na makosa mengi kuliko yote. Nikawa nalichelewesha. Siku moja chini ya masahihisho nikaandika, kwa wino mwekundu, kwamba mwenye daftari ana macho mazuri. Wiki iliyofuata daftari likarudi na masahihisho yamefanywa, na chini yake sentensi moja yenye makosa manne. Niliyasahihisha yote. Kalamu nyekundu ndiyo iliyotuozesha.

Tangu hapo mambo ya moyo tumeyaandikiana kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili tunaona haya. Kwa Kiswahili mtu akisema anakupenda, mama yake yumo ndani ya maneno hayo, shangazi yumo, majirani wamo. Kwa Kiingereza tulikuwa wawili tu. Simu ni ya kuulizana gesi imeisha. Barua ndiyo barua.

Na kila barua yake nimeisahihisha, nikaitia alama juu ya ishirini, nikamrudishia afanye masahihisho. Kabla ya kuirudisha huinakili kwenye daftari langu, neno kwa neno, kwa mwandiko wake, maana kwa miaka hii nimeujua kuliko wangu. Huo ndio utaratibu wetu. Miaka yote alifanya masahihisho na kurudisha. Barua ya mwezi wa kumi alipata kumi na moja. Hakurudisha.

Leo nimeweka daftari kushoto na kitabu cha njano kulia. Nilimkata alama mbili kwa kuanza sentensi kwa "lakini". Kitabu kinasema ruksa, na ilikuwa ruksa siku zote. Nilimkata mbili kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Kitabu kinasema kanuni hiyo waliileta mabwana wachache, miaka mia tatu na kitu iliyopita, waliotaka Kiingereza kivae koti la Kilatini. Kabla yao kila mtu alimalizia alivyopenda. Nilimkata mbili kwa kumwita daktari mmoja "wao", kana kwamba ni wengi. Kitabu kinasema watu wamefanya hivyo karne na karne.

Sita. Alama sita nimemkata mtu ambaye hakukosea. Nimekaa na daftari mapajani mpaka maji yakapoa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo nimeamka mtu mwingine! Mpango mpya. Mimi sasa ni mtetezi wa mabadiliko.

Nilifika kazini nikamwambia Toleo Jipya kwamba lugha ni kitu kinachoishi. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nikaanza sentensi tatu kwa "lakini" mbele ya Meneja. Hakugundua, ni mtu wa hesabu.

Mchana nimemwandikia mke wangu tangazo rasmi. Limepigwa chapa na lina mhuri wa kiwanda, nilioazima wakati karani amekwenda kula. Linasema kwamba baada ya mapitio ya kina, alama zake za mwezi wa kumi zimepandishwa kutoka kumi na moja hadi kumi na saba, na kwamba Msahihishaji anasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Nilitaka kuongeza kwamba nimemkumbuka. Nikaona litaharibu urasmi.

Nimelipeleka kwa rejista. Karani wa posta akauliza ndani kuna kitu cha thamani. Nikasema alama sita. Akaandika "nyaraka".

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Binti yetu amepiga simu. Ameanza na gesi, kama kawaida ya simu. Kisha akasema barua imefika. Mama ameisoma akiwa amesimama mlangoni. Akauliza alama tatu zilizobaki ziko wapi. Halafu akaenda kumwogesha mtoto.

Nikamuuliza aliuliza kwa sauti gani. Akasema ya kawaida. Nikamwambia mama yake hana sauti ya kawaida, aeleze vizuri. Akasema baba, mtoto analia, na simu ikakatika.

Alama tatu! Nazijua. Mara tatu katika barua ile aliniita kwa lile neno la kale la Kiingereza, "wewe" ya zamani, ambayo mtu siku hizi haisikii isipokuwa kanisani na katika vitabu vyenye harufu ya kabati. Nilizizungushia duara zote tatu. Pembeni nikaandika: neno hili limekufa.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimelifikia lile neno. Ukurasa wa mia mbili na sita, maneno yaliyokufa.

Kumbe Kiingereza kilikuwa na "wewe" mbili. Moja ya mtu wa karibu: mtoto, mpenzi, Mungu. Nyingine ya watu wengi, ambayo baadaye ikawa ya heshima, ya wakubwa na wageni. Watu wakaogopa kukoseana adabu. Wakaanza kutumia ile ya heshima kwa kila mtu, kidogo kidogo, ili kuwa salama. Mwisho wa yote ile ya karibu haikuwa na wa kumwita, ikafa. Sasa mtu anamwita mke wake neno lile lile analomwita mkaguzi wa mita.

Niliusoma mara nne. Mke wangu alikwenda kulitoa neno lile walikolizika, akalipangusa vumbi, akaniita nalo mara tatu. Nami nikamkata moja moja.

Nimemkumbuka. Nimeandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu hakuna anayechungulia. Nimekumbuka anavyouma uzi kwa meno badala ya kutumia mkasi. Nimekumbuka mpaka kukoroma kwake, ambako nilikuwa nikikulalamikia.

Lakini kitabu hakina huruma. Kinasema neno limekufa na halirudi. Siwezi kutoa alama bila kanuni. Mimi si mtu wa upendeleo.

Sasa. Kijitabu chetu cha shule kina kanuni arobaini. Prufu ya mwisho iko mezani kwangu. Baada ya kanuni ya arobaini kuna nafasi nyeupe, kama vidole vitatu hivi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Imechapwa! Nakala elfu tatu!

Kanuni ya arobaini na moja, kwa Kiingereza fasaha, herufi sawasawa na nyingine: "wewe" ya kale imerudi katika matumizi kwa wanandoa wanaoishi mbali, hasa katika barua, na haikatwi alama. Nilitia sahihi yangu chini na tarehe. Fundi wa mtambo hakuuliza, yeye husoma rangi tu.

Nakala ya kwanza kutoka mtamboni, ingali na joto, nimeikimbiza posta. Ndani nimetia kikaratasi: ishirini juu ya ishirini, kwa mujibu wa kanuni ya 41. Kwa haki kabisa, bila kubebana.

Nimerudi nikitembea katikati ya barabara kama mwenye barabara. Marundo mawili ya mashuka nimeyafua. Leo vikombe vimetoka viwili na sikukirudisha.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Yamenifika shingoni.

Mwalimu mkuu mmoja amepiga simu kiwandani kuuliza kanuni ya 41 ifundishwe darasa la ngapi, maana wanafunzi wake bado hawajaoa. Meneja alimjibu kwamba hakuna kanuni ya 41. Mwalimu akamsomea. Nilimwona Meneja kupitia kioo, akigeuka rangi polepole.

Toleo Jipya alichukua nakala, akasoma, akaangalia sahihi, akaniangalia mimi. Nilijifanya nachonga penseli. Nimechonga penseli sita.

Meneja amesema angenifukuza kama si miaka thelathini na minne. Badala yake nitabandika karatasi nyeupe juu ya kanuni hiyo katika nakala zote zilizobaki, kwa mkono wangu na gundi yangu. Elfu mbili mia tisa na kitu. Hadi jioni nimefikisha mia nne, na vidole vyangu vimeshikana.

Saa kumi na moja Toleo Jipya akavuta kiti, akachukua brashi. Nikamwambia sihitaji kusimangwa. Akasema hajasimanga. Tukabandika. Kisha akauliza nani yuko mbali. Nami, sijui ni harufu ya gundi, nikamweleza yote, tangu kiranja mpaka maduara matatu.

Akabandika nakala kama thelathini. Halafu akasema mzee, si ungemwambia tu kwamba umemkumbuka. Nikamuuliza kwa lugha gani. Akasema yoyote. Vijana hawa! Yoyote! Kama mtu anachagua shati.

Hata hivyo anabandika vizuri, yule dada. Pembe zake zinanyooka kuliko zangu.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Barua! Mwandiko wake! Karani wa posta amenikabidhi akaniuliza kama naumwa.

Sikuweza kungoja nyumbani. Niliifungulia kwenye ngazi za posta. Anasema kijitabu kimefika. Anasema amecheka mpaka mtoto akashtuka, kisha akalia kidogo, kisha akaenda kufua. Anasema ameoa, yaani ameolewa, na mtu aliye tayari kudanganya shule nzima kuliko kusema neno moja kwa mdomo wake. Anasema atakuja Jumamosi kwa basi la saa kumi jioni. Na akishuka ataomba aione barua hii. Akiikuta kama alivyoituma, atabaki. Akikuta wino usio wake hata nukta, atapanda basi lile lile likigeuza.

Nimeibusu pale pale. Mama mmoja mwenye kifurushi akahama ngazi.

Kitu chepesi kuliko vyote. Karatasi moja. Kutofanya kitu. Hata mtu mvivu anaweza!

Ijumaa, tarehe 21 Machi

Ni mkono. Mimi sikuwepo.

Asubuhi niliisoma tena kwa furaha tu, kikombe mkono mmoja. Mkono mwingine sijui uliitoa wapi kalamu. Nilipotazama palikuwa na koma moja nyekundu, ndogo sana, mstari wa tatu. Na duara. Na pembeni: "angalia hapa".

Nikapangusa kwa maji, ikasambaa. Nikakwangua kwa wembe. Sasa mstari wa tatu una tundu, na kupitia tundu hilo naona meza.

Niliizunguka meza nusu saa nzima. Kisha nikajipa moyo. Nani duniani anaujua mwandiko wa mke wangu kuliko mimi? Miaka yote hii ya kunakili ilikuwa maandalizi. Nina karatasi za aina ile ile. Nina wino wa buluu. Nimeinakili barua yote, mstari kwa mstari, mpaka zile herufi zake zinazoinama kama zinasikiliza mlangoni. Kazi safi. Hata mama yake mzazi angeapa.

Nikiri kitu kimoja. Pale palipokuwa na koma nimeweka koma. Na pia nimerekebisha vitu viwili vidogo njiani, ambavyo hata kitabu cha njano hakivikubali. Vitatu kwa jumla. Havionekani. Mtu hawezi kunakili kosa huku anaona.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nilifika kituo cha mabasi saa nane. Shati jeupe. Barua mfuko wa kushoto, ile yenye tundu mfuko wa ndani kabisa.

Alishuka wa mwisho. Amepungua. Nywele zimeongezeka mvi upande wa kulia, na sikuwepo zikiota. Nilikuwa nimetayarisha sentensi. Ikapotea. Nikamuuliza kama gesi ya binti yetu imeisha.

Akaweka sanduku chini, akanyoosha mkono. Nikampa barua.

Akasoma mstari kwa mstari, midomo ikienda. Basi lilikuwa bado linaunguruma. Alipomaliza akasema hakuandika hivi. Nikasema mwandiko si wake? Akasema mwandiko ni wake, ila yeye hajawahi kuandika vizuri hivi maishani mwake. Akaomba nyingine. Sikuuliza nyingine ipi, nikaitoa mfuko wa ndani. Akaitazama, akachungulia kwenye tundu, akaniona mimi upande wa pili.

Kondakta akauliza mama unapanda au hupandi. Akaketi juu ya sanduku, akasema nimpe kalamu nyekundu. Nikasema sina. Akaichomoa mfukoni mwangu.

Kisha akanisahihisha. Pale pale kituoni, nakala yangu magotini mwake, watu wakipita. Alizungushia koma. Alizungushia vile vitu viwili vidogo. Halafu akazungushia neno katika mstari wa kwanza, na jingine katika mstari wa mwisho. Nikainama kuangalia. Katika barua yake, pale juu na pale chini, alikuwa ameniita kwa ile "wewe" ya kale. Nami katika kunakili nimeweka ya kawaida, ya mkaguzi wa mita. Mara mbili. Naapa sikujua. Mkono ulipita juu yake kama unafuta vumbi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitaka kusema kwamba nimelisubiri neno hilo miezi mitano, nimelitungia kanuni, nimelibandikia karatasi elfu mbili. Nikasema samahani. Kwa Kiswahili.

Akaandika alama juu ya karatasi, na chini yake: rudia. Akanirudishia. Basi likageuza likaondoka, naye bado ameketi juu ya sanduku. Akasema nimbebee sanduku, miguu yake imevimba, na kwamba ni kwa leo tu, kesho tutaona.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Yupo jikoni. Nasikia vikombe viwili. Cherehani imevuliwa shuka. Sanduku halijafunguliwa. Liko mlangoni, limesimama, na kamba yake bado imefungwa.

Sijawahi kuwa na furaha kama hii, wala hofu kama hii, kwa pamoja. Ameniambia nirudie zoezi kabla ya chai, na nimerudia. Barua nzima, makosa yake yote yalivyo, neno la kale juu na neno la kale chini. Sikugusa kitu. Nimejifunza. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NIMEJIFUNZA. Mtu hasahihishi moyo wa mwenzake. Sasa namngoja aje aketi nimpe karatasi, kisha nimwambie kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili, majirani wasikie wakitaka, kwamba nimemkumbuka.

Ila kuna jambo dogo. Nimetazama tena alama alizonipa jana. Amenikata tano, nimezihesabu maduara, ni tano. Halafu akaandika kumi na nne juu ya ishirini. Ishirini kutoa tano ni kumi na tano. Si kwamba naitaka hiyo moja, hapana. Ni haki tu. Huenda hata angependa kujua, asije akaifanya tena.

Nimeizungushia duara, kwa penseli. Huyo anakuja na chai. Nitaanza na hilo, halafu lile lingine.